Umbali wa Flanji: Milimita Zinazoamua Lenzi Gani Ikae Kwenye Kamera Yako

Mtu akitaka kufunga lenzi ya zamani, au aliyoiunda mwenyewe, kwenye kamera ya dijitali, kwanza huuliza kama itaingia kwenye mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa. Hilo ni jambo dogo, kwa sababu adapta za bei nafuu zipo tele. Kinachoamua kama picha itatoka ni umbali wa flanji.

Flanji ni ile pete ya chuma kwenye mdomo wa kamera ambayo lenzi huikalia. Umbali wake hupimwa kutoka uso wa pete hiyo hadi kwenye kihisi, yaani sehemu inayopokea picha mahali palipokuwa pa filamu zamani. Kila aina ya mdomo ina kipimo chake. Nikon F, uliotoka mwaka 1959, una milimita 46.5, Canon EF wa mwaka 1987 una 44, na mdomo wa nyuzi wa M42, uliotumika kwenye Pentax za zamani na Zenit za Kisovieti, una 45.46. Kamera hizo zina kioo cha kujitazamia, kinachopeleka picha kwenye jicho lako na kuinuka kila unapobonyeza, na kioo lazima kipate nafasi. Kamera za kisasa zisizo na kioo hicho hazihitaji nafasi hiyo, ndiyo maana Sony E una milimita 18 tu, Canon RF 20 na Nikon Z 16.

Lenzi ya umbali mrefu hukaa vizuri kwenye kamera ya umbali mfupi, kwani pengo hujazwa na adapta. Chukua Helios 44-2 ya M42, inayopendwa kwa jinsi inavyozungusha ukungu wa nyuma ya mtu. Ukiipeleka kwenye Sony E unahitaji adapta yenye unene wa milimita 27.46, bomba tupu lisilo na lenzi ndani. Ukiipeleka kwenye Nikon F, mambo yanageuka: hata adapta ingekuwa haina unene wowote, lenzi ingebaki mbele kuliko inavyotakiwa kwa milimita 1.04. Uso wa mtu aliye karibu utatoka safi, lakini minazi ya mbali haitatoka safi hata uzungushe pete ya fokasi ya lenzi vipi. Zinauzwa adapta zenye lenzi ndogo ndani ya kurekebisha hilo. Mimi sizipendi: umetafuta lenzi kwa ajili ya ladha yake, halafu unaibandika lenzi hafifu mgongoni.

Anayejitengenezea lenzi anafuata hesabu hiyohiyo. Tuseme umepata lenzi mbinuko moja, labda ya kioo cha kukuzia maandishi. Simama chumbani mkabala na dirisha, shika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi, uisogeze mpaka mandhari ya nje ionekane kwenye karatasi, juu chini. Nafasi kati ya lenzi na karatasi ndiyo urefu wa fokasi. Kama lenzi imeandikwa nguvu yake (kwa diopta), gawa 1000 kwa namba hiyo: +10 ni milimita 100, na miwani ya kusomea ya +4 ni 250.

Lenzi ya milimita 100 lazima ikae milimita 100 kutoka kwenye kihisi ili vitu vya mbali vionekane sawasawa. Kwenye Nikon F, kamera yenyewe imeshakupa 46.5, hivyo bomba lako liwe na 53.5. Kwenye Sony E utahitaji 82. Ukitaka kumpiga mtu aliye mita moja mbele, lenzi isogee mbele tena kwa milimita kama 11, kwa hiyo tafuta vipande viwili vya bomba la plastiki, kimoja kikiteleza ndani ya kingine. Kifuniko cha mdomo wa kamera, kilichotobolewa katikati, kinakuwa kitako. Toboa kikiwa mbali na kamera na ukisafishe vizuri, maana vumbi la plastiki likifika kwenye kihisi ni taabu.

Wengi husahau rangi ya ndani. Bomba jeupe hurudisha mwanga huku na huku, na picha inatoka imepauka kama iliyofuliwa. Paka rangi nyeusi isiyong'aa, au bandika karatasi nyeusi. Kisha kata duara la karatasi nyeusi, toboa tundu la milimita 12 hivi katikati, uliweke mbele ya lenzi. Hiyo ni karibu f/8, yaani tundu ni kama sehemu moja ya nane ya urefu wa fokasi, na kingo zilizokuwa zikiyeyuka zitaanza kushikana. Rangi za zambarau pembeni hazitaisha kabisa, kwa kuwa lenzi moja haikutanishi bluu na nyekundu mahali pamoja. Miroslav Tichý wa Kyjov, Ucheki, alijisugulia lenzi za plastiki, na ukungu wa picha zake ukawa ndio sura ya kazi yake.

Kwenye menyu ya kamera ruhusu shata ifanye kazi bila lenzi, uweke hali ya M, ambayo unapanga kila kitu mwenyewe. Usielekeze kifaa hiki kwenye jua. Na kwenye kamera yenye kioo, sehemu yoyote ya lenzi isiingie ndani ya mdomo, kioo kitaigonga.

Tundu la sindano, yaani tundu dogo sana linalokaa mahali pa lenzi, peke yake ndilo halijali hesabu hii. Kwenye Nikon F tundu la milimita 0.3 hivi hutoa picha, laini kidogo, ya kitu cha karibu na cha mbali kwa pamoja. Umbali wa flanji hapo huamua tu upana wa mandhari yatakayoingia.