Maktaba yenu ilifungwa kabla ya Brexit

Nimetumiwa tena. Safari hii ni ujumbe wa sauti kutoka kikundi cha Waswahili tunaoishi katikati ya Uingereza. Dada mmoja analalamika kwamba kituo cha watoto kimefungwa, basi la jioni halipiti tena, kodi ya halmashauri imepanda, na kisa cha yote hayo ni Brexit. Chini yake watu wanamwunga mkono. Mmoja kaongeza wakimbizi wa boti, mwingine kaongeza Putin. Dada ana kila haki ya kulalamika, na anachokilalamikia kipo. Ila mtuhumiwa wake siye: aliyekata ni sera ya serikali ya kubana matumizi, iliyoanza 2010.

Kazi yangu ni bajeti za serikali za mitaa. Nimo katika ofisi inayowaambia madiwani fedha zipo kiasi gani kabla hawajaanza kuahidi. Hadithi hii kwamba mambo yalikuwa shwari mpaka watu walipopiga kura ya kujitoa Ulaya nimeisikia kwa majirani, kwa ndugu walioko Tanga na Mombasa, na hata kwa watu wanaolipwa mshahara ili wajue. Nimechoka kuijibu mmoja mmoja.

Tarehe kwanza, haraka. George Osborne, waziri wa fedha wa wakati huo, alisoma bajeti yake ya dharura tarehe 22 Juni 2010. VAT ikapanda kutoka asilimia 17.5 hadi 20 Januari 2011. Oktoba 2010 ulitoka mpango wa matumizi wa miaka minne, na ruzuku za halmashauri zikawa miongoni mwa zilizokatwa vibaya zaidi. Mishahara ya watumishi wa umma ikagandishwa. Mwaka 2013 mpangaji wa nyumba ya umma mwenye chumba cha ziada akapunguziwa msaada wa kodi ya pango. Kura ya maoni ilikuja baada ya yote hayo, 23 Juni 2016. Uingereza ilitoka rasmi 31 Januari 2020 na kuliacha soko la pamoja mwisho wa mwaka huo. Mwaka 2018, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilipiga hesabu ikakuta ruzuku ya serikali kuu kwa halmashauri za England imeshuka kwa asilimia 49.1 kati ya 2010/11 na 2017/18, athari ya mfumuko wa bei ikishaondolewa. Ni karibu nusu, kabla lori hata moja halijazuiwa Dover kwa ajili ya karatasi mpya za forodha.

Watu wakishakubali hilo, husema: basi kila mtu alibanwa, tulibanwa sote. Hapa ndipo ninapopandisha mori, kwa sababu hatukubanwa sote, na sababu yake ni hesabu ya darasa la tano.

Halmashauri hula kutoka mifuko mikubwa mitatu: ruzuku, kodi ya halmashauri inayolipwa na kila kaya, na sehemu ya kodi ya majengo ya biashara. Kodi ya kaya inatozwa kwa madaraja ya thamani ya nyumba, na thamani hizo, kwa England, ni za mwaka 1991 mpaka leo. Penye nyumba za ghali, kama Surrey, halmashauri hujitegemea kwa sehemu kubwa. Penye nyumba za bei ya chini, kama Knowsley au Liverpool, nyumba nyingi zimo kwenye daraja la chini kabisa, na iliyokuwa ikiziba pengo ni ruzuku. Chukua mbili za mfano, kila moja na pauni 100. Ya kwanza inapata 70 za ruzuku na 30 za kodi. Ya pili ni kinyume chake. Kata ruzuku nusu kwa wote, kwa usawa kabisa, asilimia ileile. Ya kwanza inabaki na 65, ya pili inabaki na 85. Hakuna aliyeandika popote kwamba maskini wakatwe zaidi. Kanuni ilijiandikia yenyewe, na Hazina ina watu wanaojua kuzidisha na kugawanya.

Endelea. Halmashauri ya kwanza ikitaka kujifidia kwa kupandisha kodi, asilimia moja ya kodi yake ni senti 30, ya mwenzake ni senti 70. Tena ikitaka kupandisha kwa asilimia 5 au zaidi, sheria inaitaka iitishe kura ya wakazi, ndiyo maana bili yenu hupanda kwa 4.99 na si zaidi. Kwa hiyo mwenye shida hulipishwa zaidi na bado hapati kinachotosha. Haya yanapotokea, madiwani wa chama chochote hukaa mezani na kuangalia wanachoweza kukata.

Na vinavyokatika ni vichache. Kutunza wazee na watu wenye ulemavu ni lazima kisheria. Kulinda watoto walio hatarini ni lazima. Kumtafutia mahali pa kulala aliyekosa makazi, kwa masharti yake, ni lazima. Mahitaji ya huduma hizo yamekuwa yakipanda mwaka hadi mwaka, ruzuku ikishuka. Mkasi ukabaki na mahali pamoja tu pa kupita: vilabu vya vijana, vituo vya watoto, ruzuku ya mabasi, bustani, bwawa la kuogelea, maktaba. Yaani kila kitu ambacho mtu mwenye afya na asiye na mzee wa kuuguza anakiona kwa macho yake. Maktaba zenyewe zina sheria yake ya mwaka 1964 inayodai huduma iliyo pana na yenye ufanisi, lakini haisemi majengo mangapi wala saa ngapi. Karibu maktaba 800 zilifungwa Uingereza kati ya 2010 na 2019.

Kuhusu hizi habari za halmashauri kufilisika, nitasema kidogo. Halmashauri haifungwi kama kampuni. Mkuu wa fedha, akiona matumizi yatazidi mapato na hana pa kuziba, analazimika kutoa notisi ya kifungu cha 114 cha sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1988. Matumizi mapya yanasimama, madiwani wana siku 21 za kukutana, mishahara inaendelea kulipwa na taka zinazolewa. Baadaye huja makamishna kutoka London, na mara nyingine ruhusa ya kupandisha kodi kupita kiwango: Croydon asilimia 15 mwaka 2023, Birmingham karibu 10 mwaka 2024.

Nani alaumiwe hapo? Kwa haki kabisa, si Osborne peke yake, na kambi yangu, ya tunaolaumu kubana matumizi, haipendi kusikia hivi. Northamptonshire ilitoa notisi mbili mwaka 2018, na mkaguzi aliyetumwa alisema wazi kwamba tatizo lao lilikuwa uongozi, wala si uhaba wa fedha. Kwa miaka walijisifu kwa kodi ya chini. Woking, mji wa watu takriban 100,000, ulikopa karibu pauni bilioni 2 kujenga maghorofa na hoteli. Thurrock iliingiza mamia ya mamilioni kwenye uwekezaji wa umeme wa jua. Birmingham ilikuwa na deni la kuwalipa wanawake mishahara sawa na wanaume, deni la miaka mingi, lililokadiriwa mwaka 2023 kufika hadi pauni milioni 760, ingawa namba hiyo ilibishaniwa sana baadaye.

Lakini jiulize kwa nini mji mdogo uliweza kukopa hivyo bila mtu kupiga kelele. Tume ya Ukaguzi, iliyokuwa ikizikagua halmashauri za England, ilitangaziwa kuvunjwa Agosti 2010 na ikafungwa Machi 2015, nayo kwa jina la kubana matumizi. Ukaguzi ukapewa kampuni binafsi kwa bei ya kutupa. Hesabu za mwaka 2022/23 zilipofika siku ya mwisho, zilizokuwa zimekaguliwa kwa wakati ni asilimia 1. Asilimia moja! Halmashauri zilisukumwa kutafuta fedha za haraka mitaani, na wakati huohuo aliyekuwa akiwasha taa ameondolewa. Ningependa kusema kwamba kwa ukaguzi wa zamani Woking isingetokea. Siwezi kuthibitisha. Tume ile nayo iliwahi kupitisha mambo ya ajabu.

Turudi kwenye hofu, maana ndiyo iliyojaa katika ule ujumbe wa sauti. Mwaka 2017 ulikuwa na mashambulizi ya kigaidi: Westminster, Manchester ambako watu 22 waliuawa kwenye tamasha, kisha London Bridge. Machi 2018 ikaja Salisbury, ambako jasusi wa zamani wa Urusi alilishwa ile sumu ya Novichok, na mwanamke asiyehusika na ujasusi wowote akafa Julai. Mwaka 2019 ulikuwa wa hofu ya kutoka Ulaya bila mkataba: watu wakiweka akiba ya dawa na tambi, barabara ya M20 ikiandaliwa kuwa maegesho ya malori, serikali ikiwa imetoa, mwishoni mwa 2018, kandarasi ya pauni milioni 13.8 kwa kampuni ya feri isiyokuwa na meli hata moja. Nani asingeogopa? Vitisho vya nje vilikuwa vya kweli. Lakini polisi wa England na Wales walikuwa wamepungua kwa takriban 20,000 tangu 2010. Na mpango wa dharura wa eneo lako, uwe wa sumu, mafuriko au bandari kukwama, hauandikwi na waziri. Unaandikwa na halmashauri, polisi, zimamoto na hospitali zikikaa pamoja. Kitisho hutoka nje, lakini kinapokelewa na watu wa ndani, na watu hao walikuwa wamepunguzwa.

Kingine ambacho Brexit ilifanya ni kula hewa yote chumbani. Tarehe 16 Novemba 2018, Philip Alston, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya umaskini, alisoma London matokeo ya ziara yake: watu milioni 14 wanaishi katika umaskini. Siku moja kabla yake, waziri mwenye dhamana ya misaada ya kijamii, Esther McVey, alikuwa amejiuzulu, kwa sababu ya mkataba wa Brexit. Ripoti ya umaskini ikafika siku ambayo wizara inakabidhiwa kwa mtu mwingine na magazeti hayana nafasi. Waraka wa kurekebisha matunzo ya wazee, ulioahidiwa kwenye bajeti ya Machi 2017, ukaahirishwa na kuahirishwa mpaka ukapotea. Hiyo gharama haionekani kwenye kasma yoyote, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Gharama nyingine za Brexit zipo na sizifichi. Ofisi huru ya makadirio ya bajeti inakadiria kwamba tija ya uchumi itakuwa chini kwa asilimia 4 kwa muda mrefu kuliko kama nchi ingebaki. Cornwall na Wales zilipokea fedha nyingi za maendeleo kutoka Ulaya, zikapiga kura kutoka, na mfuko uliokuja badala yake mwaka 2022 ulizua ugomvi tangu siku ya kwanza. Lakini fedha zile zilikuwa za miradi. Zisingelipa mshahara wa mkutubi hata mngebaki Ulaya milele. Na vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nishati, mfumuko ukafika asilimia 11.1 Oktoba 2022, bili za umeme za mabwawa na shule zikatuumiza kwelikweli. Aliyemtaja Putin ana robo ya ukweli.

Sisi wenyewe tulikuwamo. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda aliyeishi Uingereza kihalali mwaka 2016 aliruhusiwa kupiga kura ile, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola. Mzanzibari mwenye pasipoti ya Uholanzi au Mkongo mwenye ya Ubelgiji, jirani yake wa mlango kwa mlango, hakuruhusiwa. Nawajua waliopiga kura ya kutoka, wakiamini Wazungu wa Ulaya Mashariki wakipungua basi viza za ndugu zetu zitaongezeka na foleni ya daktari itapungua. Siwadharau. Foleni ilikuwa ndefu kweli.

Je, kubana matumizi ndiko kulikoleta Brexit? Thiemo Fetzer, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Warwick, alichapisha hoja hiyo mwaka 2019: penye misaada iliyokatwa zaidi, ndipo chama cha UKIP, kilichodai kutoka Ulaya, kilipopanda zaidi, na bila makato hayo huenda upande wa kubaki ungeshinda. Natamani kuikubali yote, na ndiyo maana naiogopa. Maeneo yaleyale yalikuwa yamepoteza viwanda na migodi miaka ya 1980. Na wazee, waliopiga kura ya kutoka kwa wingi, ndio waliolindwa: pensheni yao iliwekewa kinga ya kupanda kila mwaka wakati posho za wenye watoto zinakatwa. Labda walikuwa wanalilia mtaa uliokuwa ukififia hata kama mfuko wao haukuguswa. Labda. Sijaona takwimu ya kulitenganisha hilo.

Ninachokijua ni kwamba bajeti ya halmashauri yako hupitishwa hadharani kila mwaka kabla ya tarehe 11 Machi, na ndani yake kuna taarifa ya mkuu wa fedha inayosema kama makadirio ni imara na akiba inatosha. Ni kurasa chache. Baada ya mwaka kufungwa, kuna siku 30 za kazi ambazo mtu yeyote mwenye maslahi anaweza kukagua vitabu, mikataba na ankara bila kulipa, na mpiga kura wa eneo hilo anaweza kumwandikia mkaguzi pingamizi. Kwa kawaida siku hizo huangukia kati ya Juni na Agosti. Tangazo lipo kwenye tovuti ya halmashauri, na katika ofisi nyingi hajitokezi mtu.