Msimulizi wa kitabu cha sauti: kazi yake hasa ni ipi?

Kitabu cha sauti ni kitabu kilekile cha kuchapwa, neno kwa neno, kilichosomwa na kurekodiwa ili mtu akisikilize kwenye simu, kwenye gari au jikoni huku mikono ina shughuli nyingine. Kwa kawaida hakitiwi milango inayobamizwa wala mvua ya kutengenezwa studio. Hayo ni ya mchezo wa redio. Anayekisoma huitwa msimulizi. Tusimchanganye na msimulizi wa somo la fasihi, yule aliyebuniwa na mwandishi ndani ya riwaya. Huyo wa ndani nitamwita nafsi inayosimulia, tusije tukapotezana huko mbele.

Wengi hudhani sifa kubwa ya msimulizi ni sauti nzuri. Si kweli, au ni kweli kidogo tu. Sauti nzito ya kutangazia sabuni hupendeza kwa nusu dakika, ilhali riwaya ya Kiingereza yenye maneno 90,000 hivi huchukua takribani saa kumi kusikilizwa. Hakuna sauti inayoweza kumshikilia mtu saa kumi kwa utamu wake peke yake. Kinachomshikilia ni kuhisi kwamba huyu anayesoma amekielewa kitabu, na anajua kila sentensi inaelekea wapi.

Chukua mazungumzo haya, nimeyatunga kwa ajili ya mfano:

"Umerudi," mama alisema.
"Nimerudi."
"Chai ipo mezani."

Ukisoma kimya unaweza kupita hapo bila kuamua kama mama amefurahi au ana kinyongo. Msimulizi hana ruhusa hiyo, maana sauti haiwezi kutamka neno bila kulitia hali fulani. Akiipandisha "umerudi" kidogo, ni furaha. Akiitamka kavu na kuikata, ni lawama ya miaka. Akituliza pumzi kabla ya "chai", tunamsikia mwanamke aliyekuwa na maneno mengine kinywani, akayameza. Sasa tuseme mama huyu atalia kweli ukurasa wa 80. Msimulizi asiyejua kazi atamliza hapahapa mlangoni, na tukifika ukurasa wa 80 hana tena cha kutupa. Anayejua kazi ameshafika huko, kwa hiyo anabana.

Ndiyo maana wasimulizi makini husoma kitabu kizima kabla ya kukaa mbele ya maikrofoni. Kuna sababu ya kikazi pia. Mwandishi anaweza kungoja hadi katikati ya kitabu ndipo ataje kwamba fulani ana kigugumizi, au kwamba lafudhi ya Kipemba haijamtoka. Kama tayari umerekodi saa tano ukimsemesha kama mtu wa Dodoma, ama unarudia yote, ama unamwachia msikilizaji kasoro hiyo. Kwa hiyo huandaliwa orodha: majina ya wahusika, umri wao, wanakotoka, na matamshi ya kila jina la mtu au mahali lisilojulikana vizuri.

Studio yenyewe ni chumba kidogo, kikavu, kisicho na mwangwi, mara nyingi chenye joto kwa sababu feni na kiyoyozi huzimwa. Tumbo likinguruma, maikrofoni inasikia. Mate yakikauka, ulimi unatoa milio midogo, na wasimulizi wengi hutafuna tofaa la kijani kuiondoa. Akikosea, fundi hurudisha rekodi sentensi moja nyuma na msimulizi anaendelea kwa kasi na hali ileile, kana kwamba hakukatizwa. Hilo la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika: jaribu kurudi kwenye huzuni uliyokuwa nayo dakika mbili zilizopita, baada ya kupiga chafya.

Kwa riwaya za kifasihi, mtihani mkubwa hauko kwenye mazungumzo. Uko kwenye maelezo, hasa pale mawazo ya mhusika yanapojipenyeza bila alama yoyote. Mfano mwingine wa kutunga: "Shabani alitazama saa. Hatakuja, bila shaka. Watu wa mjini wana shughuli zao." Sentensi ya kwanza ni ya nafsi inayosimulia. Ya pili na ya tatu ni za nani? Ni Shabani anayewaza, na ana uchungu, ingawa hakuna "alijiambia" wala alama za kunukuu. Msimulizi akisoma zote tatu kwa sauti moja, tunapata taarifa tu. Akizibadilisha mno, inakuwa maigizo, na ule mpaka mwembamba ambao mwandishi aliuchora kwa makusudi unakuwa ukuta. Kinachotakiwa ni kivuli tu: kasi ipungue kidogo, "bila shaka" ipate chembe ya uchungu, kisha maelezo yarudi mahali pake. Kejeli hukaa hapohapo. Nafsi inayosimulia ikimsifu mtu huku ikimcheka, msimulizi asiyeliona hilo atakusomea sifa tupu, nawe utamaliza kitabu ukidhani mwandishi ni mtu mpole sana.

Kiswahili kina mitego yake. Kwetu swali na maelezo huweza kuwa maneno yaleyale kwa mpangilio uleule: "Unakwenda Tanga kesho" na "Unakwenda Tanga kesho?" hutofautishwa na sauti peke yake, na alama ya kuuliza imekaa mwishoni kabisa. Jicho la msimulizi lazima litangulie mdomo, la sivyo atafika mwisho wa sentensi na kugundua kwamba ilikuwa swali.

Mtego wa pili naupenda zaidi. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi wala katika "yeye". "Aliingia, akavua viatu, akaketi bila kukaribishwa." Ni nani? Mwandishi anaweza kumficha mtu huyo kurasa kumi na lugha isimsaliti. Lakini mtu huyo akianza kuzungumza, msimulizi aliyezoea kuwapa wanawake sauti nyembamba na wanaume sauti nene atakuwa ameitoa siri kabla mwandishi hajaitoa. Hodari atasoma maneno hayo kwa sauti yake ya kawaida ya maelezo, bila kuyatia rangi, mpaka mwandishi mwenyewe afungue pazia.

Halafu kuna lafudhi. Riwaya ya Unguja ikisomwa na mtu anayesema "zahabu" badala ya "dhahabu" na "gali" badala ya "ghali", msikilizaji wa huko atatolewa nje ya hadithi kila baada ya dakika chache. Hata hivyo, heri hilo kuliko msimulizi anayejilazimisha lafudhi ya visiwani asiyoijua. La kwanza linaudhi, la pili linachekesha.

Je, kila mhusika apewe sauti yake? Hapa wapenzi wa vitabu vya sauti hugawanyika, na mfano unaojulikana zaidi ni ule wa vitabu vya Harry Potter. Maandishi karibu yaleyale yalisomwa na Stephen Fry kwa toleo la Uingereza na Jim Dale kwa toleo la Marekani. Dale, mtu wa jukwaani, alimpa kila kiumbe sauti yake, na kwa kitabu cha tano peke yake aliingia kwenye rekodi za Guinness kwa sauti 134. Fry anakaa zaidi ndani ya sauti ya mtu anayesimulia na kuwagusa wahusika kwa wepesi. Aliyekulia kwa mmoja humwona mwingine kama mgeni aliyevaa nguo za baba. Kitabu ni kimoja. Wasikilizaji wake wana kumbukumbu mbili.

Kwa vitabu vya watoto na vya kusisimua, wingi wa sauti unafaa. Kwa riwaya inayotegemea sentensi zake, mimi niko upande wa wanaojizuia. Mwanamume akibana koo ili asome maneno ya mwanamke, simsikii mwanamke, nasikia koo. Tofauti ndogo ya kasi, ya pumzi, ya namna mtu anavyomaliza sentensi zake, inatosha kabisa kunijulisha nani anasema. Kuna njia nyingine, ya kugawa kazi kwa watu wengi: riwaya ya George Saunders, Lincoln in the Bardo, ilitoka kwa sauti mwaka 2017 ikiwa imesomwa na watu 166. Pale ilifaa, kwa sababu kitabu chenyewe ni kundi la mizimu inayodakizana. Si kila kitabu kina mizimu.

Ubishi wa kuigiza au kusoma tu una umri mkubwa. Thomas Edison alipotengeneza fonografu, mashine ya kurekodi sauti na kuirudia, mwaka 1877, miongoni mwa matumizi aliyoyafikiria ni vitabu vya kuwasomea vipofu. Ilichukua zaidi ya nusu karne: Marekani ilianza kuvitoa mwaka 1934 na Uingereza mwaka 1935, ambako askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza walikuwa sababu kubwa. Vilikuwa sahani za santuri, upande mmoja dakika 15 hadi 25 hivi, kwa hiyo riwaya moja ilikuwa mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili. Mmoja wa waliovisoma, mwigizaji Alexander Scourby, alirekodi vitabu zaidi ya 400. Wasikilizaji wengi vipofu walitaka wasomewe, wasiigiziwe: nipe maneno yalivyoandikwa, rangi nitapaka mwenyewe. Naona bado ni maelezo mazuri ya kiwango cha kazi hii.

Na mwandishi akijisomea mwenyewe? Mara nyingi ni kosa, kwa sababu kuandika na kusoma kwa sauti ni fani mbili. Toni Morrison alikuwa kinyume cha hilo. Alizisoma riwaya zake kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, akiziacha sentensi zipumue. Wapo wanaomwona anakwenda polepole mno. Lakini anajua mkazo ukae wapi kwa namna ambayo mwigizaji angelazimika kukisia.

Pwani yetu haikungoja studio kulijua hili. Tendi, ukiwamo Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 hivi, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu lakini zikaishi kwa kughaniwa, na mghani hodari alitambulika kwa jinsi alivyoipitisha mizani minane ya mshororo bila kuiua maana. Kughani si kusoma riwaya, mahadhi yana sheria zake. Lakini wazo kwamba maneno ya mtu mmoja hufika kwa pumzi ya mtu mwingine, na kwamba pumzi hiyo hupimwa, halikuletwa kwetu na simu.

Sauti za kompyuta nazo zimeingia kazini, na kwa kitabu cha maelekezo ya kodi sina ugomvi nazo. Kwenye riwaya, zinatamka "bila shaka" ya Shabani sawasawa na "bila shaka" ya mwanasheria.

Ukitaka kumpima msimulizi kabla ya kununua kitabu, maduka mengi hutoa dakika chache za kuonja. Usimhukumu kwa sentensi za mwanzo, hapo kila mtu amejipanga. Subiri mahali watu wawili wanapozungumza na mwandishi ameacha kuandika "alisema", uone kama unapotea. Kisha sikiliza aya ndefu ya maelezo kwa kasi ya kawaida, si ile ya moja na nusu, kwa kuwa ukiongeza kasi unafuta vituo, na vituo ndivyo unavyomlipia.