Usingizi wa mtoto na afya ya akili: kipi kinaharibu kingine?

Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia. Mtoto aliyekosa usingizi mara nyingi hufanya kinyume: hurukaruka, hununa, huangua kilio kwa sababu kapewa kikombe kisicho chake. Ndiyo maana tatizo lake huitwa utundu, na dalili zake zinaweza kudhaniwa ni za tatizo la umakini.

Wataalamu wanaposema usingizi na afya ya akili ya mtoto vina uhusiano wa pande mbili, maana yake ni kwamba kila kimoja chaweza kuwa chanzo cha mwenzake. Mtoto mwenye wasiwasi hukaa macho akiwaza mtihani, au akiogopa giza. Asubuhi huamka kachoka. Sasa, sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotuliza hofu na hasira, na uchovu huidhoofisha haraka, huku amigdala, sehemu nyingine ya ubongo inayopiga king'ora cha hatari, ikizidi kuwa nyepesi kushtuka. Neno dogo la mwenzake darasani linakuwa tusi. Usiku unaofuata, ana mengi zaidi ya kuwaza.

Usiku mmoja mbaya si tatizo la usingizi; kinachoangaliwa ni hali inayorudi wiki baada ya wiki. Kwa kipimo, mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Kijana akikawia kulala, si ukaidi wote: wakati wa balehe homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, huanza kutoka kwa kuchelewa. (Simu nayo ina lawama zake, sibishi.)

Wala si kila usingizi mbovu hutokana na mawazo. Anayekoroma kila usiku huenda mafindofindo makubwa yanamziba njia ya hewa. Asiyeweza kutuliza miguu kitandani huenda ana upungufu wa madini ya chuma. Hao ushauri nasaha peke yake hautawalaza.

Kwa hiyo ukienda kwa daktari, nenda na daftari lenye wiki mbili za saa za kulala, kuamka na kushtuka, pamoja na hali ya mtoto mchana. Ila kijana akitaja kujidhuru, usingoje daftari lijae. Mpeleke siku hiyohiyo.