Majilio katikati ya msimu wa korosho: tunayodhani na yaliyo kweli

"Majilio ni wiki nne za kungoja Krismasi." Si hivyo tu. Katika Kanisa Katoliki, masomo ya mpaka tarehe 16 Desemba yanatazama zaidi kurudi kwa Kristo. Maandalizi ya kuzaliwa kwake huchukua nafasi kuanzia tarehe 17. Basi swali kubwa ni Bwana atatukuta tukifanya nini.

"Kufinyangwa na Mungu ni siri ya moyo wangu na sala zangu." Isaya 64:8 inasema: "sisi tu udongo, nawe u mfinyanzi wetu." Mama wa Newala aliyewahi kupandisha maji kutoka bondeni anajua mtungi hufinyangwa ili mtu anywe. Sala inatulainisha, lakini kazi haiishii hapo.

"Nitahudumia watu malipo ya korosho yakitoka." Hii ndiyo dhana inayoniumiza zaidi. Watu walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, aliwaambia mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru nao walipouliza, hakutaja sadaka: "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa" (Luka 3:13). Alianza na mikono yao kazini.

Mtwara na Lindi tunajua pa kuanzia: kangomba, yaani ununuzi wa korosho kinyemela. Mtoto anaumwa, ghala la chakula halina kitu, anakuja mtu na fedha kidogo na kuzichukua korosho za familia kwa bei ya kutupa, nje ya mnada. Anayefanya hivyo halafu akapeleka bahasha nono kanisani hajamtumikia jirani yake. Arudishe haki kwanza. Na karani wa chama cha msingi cha ushirika anayesoma mizani kwa uaminifu anamtumikia Mungu palepale ghalani, hata kama hakuna anayempongeza.

"Nijiandae kwanza, huduma baadaye." Maria alipokwisha kuambiwa atamzaa Mwokozi, alikwenda kwa haraka kwa Elisabeti, akakaa naye kama miezi mitatu, akiwa mjamzito.

"Tuwasaidie wa kanisani kwetu." Watawa Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906, na hospitali waliyoianzisha huhudumia Waislamu na Wakristo. Nasi majirani zetu wengi ni Waislamu. Mvua zikianza, mjane wa jirani anahitaji mtu wa kumlimia mihogo, awe anaswali msikitini au anasali kigangoni. Nenda na jembe.