Kuchomoa diski ya RAID 1 sio bakapu
Kuna hii imani ya siku nyingi, kwamba ukiwa na RAID 1, yaani diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile kwa wakati mmoja, basi kila wiki unachomoa moja unaipeleka mbali, unachomeka nyingine, bakapu imeisha. Inaonekana rahisi kweli, ndo maana watu hawaiachi.

Shida ni kwamba ukishachomoa tu umebaki na diski moja peke yake, na ile mpya ikiingia lazima inakiliwe yote kuanzia mwanzo, diski ya terabaiti nyingi inachukua masaa, na masaa yote hayo iliyobaki ndo inasomwa kila kona bila msaidizi, sasa ikifa hapo katikati? Yaani umejitafutia hatari mwenyewe kila wiki. Halafu ukichomoa mashine ikiwa inaandika, databesi kwenye ile diski inakua kama umeme umekatika ghafla, inaweza kuamka, inaweza isiamke.

Kama lazima uzungushe diski, weka tatu kwenye kioo, yaani hiyo hiyo RAID 1, ili ikitoka moja mbili zibaki, na kwenye Linux washa bitmap ya mdadm (mdadm ni programu ya kusimamia RAID, na bitmap ni kumbukumbu ya sehemu zilizobadilika), diski uliyoitoa ikirudi inasinki vilivyobadilika tu. Itoe kwa amri, usivute tu. Mi binafsi naona bora uache RAID ifanye kazi yake, chukua snapshoti, yaani picha ya data ilivyo wakati huo, nakili kwenye diski ya nje kwa rsync (programu ya kunakili faili) au zfs send (amri ya kutuma snapshoti, kama unatumia mfumo wa faili wa ZFS), kisha jaribu kurudisha faili kadhaa uone zinafunguka.