"Apate hata ualimu"

Juzi mzazi mwingine kaniletea bintiye chuoni. "Mwalimu, matokeo hayakukaa vizuri, basi apate hata ualimu." Nawafunza walimu mwaka wa 19 huu, na hilo neno "hata" linanichoma kila nikilisikia.

Kwamba ualimu ni wa waliofeli kuna kulikotokea, sikatai. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi. Walimu hawakutosha, ikabidi wahitimu wa darasa la saba wafundishwe ualimu huku wakiwa tayari wanafundisha. Shule za sekondari za kata zilipotapakaa, vijana wa kidato cha sita nao walipigwa msasa wiki chache tu wakakabidhiwa chaki. Dharura hizo zimepita, ila watu wamebaki nazo vichwani.

Mimi kila mwaka mpya huwagawia wanachuo karatasi: andika kilichokuleta. Wengi humtaja mwalimu mmoja. Kijana wa Kondoa aliandika juu ya mwalimu aliyekata chapati mbele ya darasa mpaka nusu, robo na thumuni zikaeleweka. Binti mmoja aliandika ukweli wake: "Nilikosa nafasi ya uuguzi." Nilipokwenda kumkagua kwenye BTP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni, darasa la kwanza lenye watoto 94, nilimkuta amepiga magoti kando ya dawati, kamshika mtoto mkono ili "b" isigeuke "d". Hakuniona hadi alipomaliza. Huyo alikosa uuguzi, lakini kufundisha amekuchagua mwenyewe, pale pale sakafuni.

Wanaosema ualimu una ajira ya uhakika wanaongelea zamani. Siku hizi wahitimu wanaomba, wanasailiwa, na wengine wanasubiri miaka. Likizo nyingi? Kasahihishe kwanza madaftari 94 usiku mmoja. Na wanaodai kwamba wito hauhitaji mshahara mzuri, wakumbuke mwenye nyumba hapokei wito. Mwalimu apandishwe daraja kwa wakati.

Mzazi, kabla hujajaza fomu, zungumza na mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwanao akakae nyuma ya darasa siku tatu. Akirudi, usimuulize kama amependa. Muulize ameshika majina ya watoto wangapi.

Yule binti wa juzi anaanza Jumatatu.