Injini ya boti kunguruma asubuhi si ubovu wa kabureta

Katika ufuo wa Dunga, Kisumu, wengi huamini kwamba injini ya boti inayozunguka kwa kasi ikiwashwa asubuhi ina kabureta mbovu (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), na bisibisi hutolewa upesi. Baadhi ya injini zimeundwa hivyo: kichwa cha silinda kikiwa baridi (na hata kwenye joto la Kisumu, injini iliyolala huhesabiwa baridi), mfumo wa umeme huwahisha cheche ya plagi, pistoni ikiwa bado mbali kidogo na kilele chake, na mzunguko hupanda hadi injini ipate joto. Fundi anayelegeza skrubu ya kabureta inayopanga kasi ya injini isipoongezwa mafuta wakati huo humwachia mvuvi injini itakayozimika baadaye, anapopunguza mwendo kushusha mbuta. Skrubu hiyo hurekebishwa injini ikiwa moto.